Barafu ya Upande wa Ndani

Myanga, Jumapili, jua halijazama

Mwanangu Simiyu,

Sikuulizi hali kwa sababu nakuona kutoka hapa nilipoketi. Uko uani unafunga sanduku lako kwa kamba ya katani, na fundo unalolifunga silo nililokufundisha. Mama yako amekwisha kukwambia habari za blanketi, za kuchemsha maji, za kanisa na za wasichana wa Kitale, na kesho asubuhi atazirudia zote tangu mwanzo. Mimi sitagusa hata moja. Nimechukua daftari lako la zamani la shule, nikatoa karatasi za katikati, nikamwambia mama yako kwamba nakuandikia majina ya vyuma vya lori. Ameniangalia, hakuniuliza neno. Mtu asiyeuliza ndiye mimi humwogopa zaidi.

Tabia yangu unaijua. Vijana wa hapa Myanga huniita Mzee Nani-Kapita, kwa kuwa kila nikirudi nyumbani neno langu la kwanza ni kuuliza nani kapita hapa. Mnadhani silijui jina hilo. Nalijua, na namjua aliyelianzisha, ila leo sitamtaja kwa sababu anasafiri kesho. Mimi hununua sukari sokoni Sirisia nikaja kuipima tena nyumbani kwa kikombe changu. Ghala nalifunga kwa kufuli, halafu naweka unyasi juu ya kufuli ili nikirudi nione kama umeanguka. Mara nyingi huangushwa na upepo, nami hukaa siku tatu nikimtafuta huyo upepo mwenye miguu miwili. Mnacheka, na mna haki ya kucheka. Lakini kabla hujaondoka nataka ujue tabia hii ilinifikisha wapi, maana ilinifikisha huko huko unakokwenda.

Siku ile ulipopimwa udereva Kitale, yule Mzungu aliyekupima alikuuliza utafanya nini ukikuta kioo cha lori kimeganda barafu upande wa ndani, huko juu mashambani alfajiri ya baridi. Ukamjibu vizuri mpaka akataka kujua nani amekufundisha. Ukasema, baba yangu. Ulipotoka ukanieleza huku umejaa furaha, na mimi nikageuka nikajifanya natafuta kofia yangu. Ulidhani naona haya ya kusifiwa. Mwanangu, maarifa yale niliyapata kwa njia mbaya. Kuna mtu anaitwa Njoroge, anaishi Kipsongo pale Kitale. Mimi ndiye niliyemfukuzisha shambani, yeye na mke wake na watoto, kwa ajili ya barafu ya kioo, na mpaka leo hajui kwamba ni mimi. Kesho nataka kwenda kumwambia. Nakuandikia wewe kwanza kwa sababu sina hakika kama nitaweza.

Shamba lile nilipokuwa dereva wa bwana Mzungu unalikumbuka, ulikuja likizo mara mbili. Unapanda kutoka Kitale, unayaacha mahindi, unakuta ngano na pareto, mpaka karibu na msitu wa mlima. Nyumba ya bwana ilikuwa kilimani, lakini banda la gari lilikuwa chini karibu na mto, na baridi ya kule huteremka ikakaa bondeni. Mwezi wa kwanza, mbingu ikiwa haina wingu, asubuhi unakuta nyasi nyeupe zinazovunjika ukizikanyaga. Watu wa hapa Bungoma nikiwaeleza hivyo husema naongeza chumvi.

Gari lilikuwa la bwana mwenyewe, lenye viti vya ngozi. Nililipenda mno. Mama yako alikuwa akisema kwamba ana mke mwenza na mke mwenza huyo ana magurudumu manne. Kila jioni nililiosha sakafu kwa ndoo mbili za maji. Mikeka yake ya katani niliifua nikairudisha ndani ingali na maji, kwa sababu nilijua nikiianika nje itaibiwa. Makoti ya mvua ya bwana, magunia aliyolalia mbwa wake, vyote niliviacha ndani kwa sababu hiyo hiyo. Halafu nilipandisha vioo mpaka mwisho, na palipokuwa na nafasi nilisokomeza matambara ili hata waya wa mwizi usipite. Milango nilifunga kwa ufunguo, na ufunguo nililala nao shingoni. Huyo ndiye aliyekuwa dereva wa kuaminiwa kuliko wote kule juu.

Wewe umekwisha kuona ugonjwa uko wapi. Mimi sikuuona.

Ulikuwa ule mwaka wa hali ya hatari, serikali ikiwasaka wapiganaji wa msituni na kila aliyewaficha. Bwana alianza kunywa chai ya asubuhi bastola ikiwa kando ya birika. Wakikuyu waliokuwa mashambani, ambao wengine walizaliwa hapo hapo Kitale, wakaanza kutazamwa kwa jicho jingine. Malori yalikuwa yakija kuwachukua, shamba hili leo, lile kesho, wanarudishwa kwao, hata yule ambaye huko kwao hajawahi kukanyaga. Kila mtu alimchunguza mwenzake. Nasikitika kukwambia kwamba mimi katika mwaka ule nilijiona niko nyumbani. Kwa mara ya kwanza watu wote walikuwa wakiishi kama mimi.

Njoroge alikuwa mtunza ndama. Kibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka banda la gari, na chai ya saa nne tulikunywa pamoja. Yeye aliomba kwa Kikuyu, mimi kwa Kibukusu, na amina ilikuwa moja. Mke wake, Wangui, alikuwa na mkono wa viazi, chochote alichopanda kilijaa gunia. Njoroge alipenda mzaha. Asubuhi moja ya baridi kali alitoka akitetemeka na blanketi begani, akaliangalia gari la bwana, akasema, "Wekesa bana, hii gari yako inalala mzuri kushinda mimi. Siku moja nitaingia ndani nikuache nje ukitafuta mlango."

Tulicheka sana siku hiyo.

Haikupita wiki nikakuta barafu. Barafu ya nje nilikuwa nimeizoea, nilikuwa na kibao changu cha kuikwangulia. Asubuhi hiyo niliweka kibao kwenye kioo cha mbele, kikateleza juu ya kioo kikavu, na weupe ukabaki pale pale. Nikafungua mlango nikaweka kidole kwa ndani. Ukucha wangu ukaacha mstari. Vioo vya pembeni navyo vilikuwa vyeupe, vyote upande wa ndani. Gari limefungwa, matambara yapo, ufunguo uko shingoni mwangu.

Nikafikiri kama nilivyozoea kufikiri. Unyevu wa kioo hutoka kwenye pumzi, hilo nilikuwa nalijua kwa kubeba watu wanne siku za mvua. Pumzi hutoka kwa mtu. Basi kuna mtu amelala humu. Na ni nani aliyesema ataingia humu kulala? Lilikuwa wazo fupi na lilisimama vizuri kwa miguu yake. Usidhani mtu wa shuku ni mjinga, Simiyu. Hufikiri sana, tena kwa utaratibu, ila huanzia pale anapotaka kufika.

Jioni ile nikamwaga majivu kulizunguka gari, ili nione nyayo. Asubuhi majivu yalikuwa hayana unyayo hata wa panya, na kioo kilikuwa cheupe vile vile. Mtu mwingine angesema, basi hakuna mtu. Mimi nilisema huyu ni hodari, anajua kuruka majivu. Siku iliyofuata nikafunga uzi mwembamba mlangoni. Uzi haukukatika. Nikasema, basi ana ufunguo wake, na anaufunga tena uzi akitoka. Kila kilichomtetea Njoroge nilikigeuza kikawa ujanja wake. Nilikaa kwenye chai ya saa nne nikimtazama anavyokoroga sukari, nikajiambia moyoni, kikulacho ki nguoni mwako.

Siku ya nne nikampeleka bwana akaone kioo. Nikamwambia kwa kile Kiswahili chao cha shambani, "Bwana, iko mtu nalala ndani ya gari."

Akaniuliza ni nani. Sikutaja jina. Nilitazama kibanda cha Njoroge, nikatazama chini. Kwa miaka mingi nimejitetea kwa hilo, kwamba mdomo wangu haukumtaja mtu. Lakini bwana alikuwa ananiangalia macho, hakuwa anauangalia mdomo.

Kesho yake mchana askari wakaja. Walipekua kibanda wakapata Biblia, jembe na sufuria. Wakamuuliza anamficha nani usiku ndani ya gari. Njoroge akacheka, alidhani ni mzaha umekua mpaka umewafikia askari, na kwa kicheko hicho akapigwa. Alipoinuka alinitafuta kwa macho kati ya watu, akanionyesha kwa mkono. "Muulizeni Wekesa," alisema. "Wekesa ndiye iko na ufunguo. Yeye anajua mimi."

Wakaniuliza. Nikasema, "Mimi sijui. Mimi naona barafu tu."

Hayo ndiyo maneno niliyosema, nayaandika yote usije ukafikiri nimepunguza. Kabla ya jioni lori lilikuwa limefika. Wangui alifunga vyombo katika shuka moja, ndama wakilia kwa kuwa saa yao ya maziwa ilikuwa imepita. Mimi nilikwenda nikachukua blanketi langu nikampa. Akanishukuru mbele ya watu wote, akasema Mungu anikumbuke. Bwana akaandika kitu kwenye kipande cha Njoroge, kile cheti ambacho bila hicho mtu hapati kazi, akatia sahihi, na lori likaondoka.

Asubuhi iliyofuata nilishuka bandani mapema. Kibanda kilikuwa wazi, kuku mmoja aliyesahauliwa anazunguka mlangoni. Nikaenda kwenye gari. Kioo kilikuwa cheupe.

Simiyu, mimi ambaye hushuku upepo, asubuhi ile sikumshuku mtu yeyote. Ningeweza kusema amekuja mwingine. Sikusema. Nilijua pale pale kwamba hajawahi kulala mtu ndani ya gari lile, nikakaa kwenye ubao wa kupandia. Halafu nikasikia mlango wa nyumba ya bwana ukifunguliwa kule kilimani. Nikaingia garini, nikaipangusa ile barafu kwa mkono wa koti langu, vioo vyote, mpaka bwana alipofika akakuta pasafi.

Kosa langu lenyewe linaanzia hapo. Lile la kwanza naweza kuliita ujinga, na mjinga husamehewa. Hili la pili nililifanya kwa akili zangu timamu. Ningeweza kumwacha bwana aje, nikamwambia, tazama, mtu hayupo na barafu ipo, mrudisheni. Lori lilikuwa bado halijafika mbali. Badala yake niliamka kila siku kabla ya wakamuaji, nikashuka na kitambaa. Barafu ile ndiyo iliyokuwa shahidi wa Njoroge, na ilikuja kila asubuhi kutoa ushahidi wake, na mimi nilikuwa naifuta kabla haijaonekana. Niliogopa nini? Niliogopa kuitwa mwongo. Niliogopa na mimi kuulizwa. Na niliogopa kupoteza ufunguo ule wa shingoni, sitaki kukuficha hilo.

Likizo ya Pasaka ulikuja. Ulikuwa umezoea kucheza na watoto wa Njoroge, ukakuta kibanda kitupu, na wapishi wakakusimulia. Ukanijia bandani ukauliza, "Baba, ni kweli Njoroge alikuwa analala kwa gari?" Nikakupiga kofi. Ulikwenda kulia nyuma ya banda, na jioni ukaniomba msamaha kwa kuingilia mambo ya wakubwa. Nikakusamehe! Mimi ndiye niliyekusamehe wewe. Nimelikumbuka kofi lile kila mwaka, na leo ndiyo mara ya kwanza nasema kwamba uliuliza vizuri, na kwamba mkono wangu ulikupiga kwa sababu ulinifikia pale penyewe.

Basi nikaona kupangusa peke yake hakutoshi, iko siku nitachelewa. Nikampelekea gari fundi mmoja Singasinga mjini Kitale, nikamweleza kwamba kuna rafiki yangu ana gari linaganda barafu kwa ndani. Hakuniuliza rafiki gani. Aliingiza mkono chini ya kiti, akautoa mkeka, akaukamua mbele yangu, maji yakamwagika kwenye viatu vyangu. Akasema, "Wewe naosha, wewe nafunga, maji naenda wapi? Napanda kwa kioo, nalala huko." Halafu akayachomoa yale matambara yangu moja moja, akayatupa chini huku anatikisa kichwa. Alidhani amenifundisha ufundi. Alikuwa amenisomea hukumu. Shuku yangu ndiyo iliyofunga maji ndani, na maji hayo ndiyo niliyoyafanya mtu.

Kutoka siku hiyo nikajua yote uliyomjibu yule mpimaji. Kwamba jioni sakafu ipanguswe kwa kitambaa kikavu, isimwagiwe maji. Mikeka, makoti, magunia na mbwa vikalale kwingine. Kabla ya kufunga, milango iachwe wazi mpaka hewa ya ndani iwe baridi sawa na ya nje, maana joto la mchana hubeba maji. Vioo viteremshwe kiasi cha vidole viwili, pande zote mbili, upepo upite. Gunia kavu lifunike kioo cha mbele kwa nje. Asubuhi usijifungie garini ukihema kwa baridi, vumilia dirisha liwe wazi mpaka injini ishike moto. Ukiwa na wasiwasi, kata kiazi ulaya upake kioo kwa ndani, kikauke. Na usimwage maji ya moto kwenye kioo kilichoganda hata kama unachelewa, kitapasuka mikononi mwako. Hayo ni kweli kabisa na yatakusaidia, yashike.

Lakini sikujifunza ili nione barabara. Nilijifunza ili nisionekane. Vioo vikawa safi, kila asubuhi vinang'aa. Wiki mbili zikapita, bwana akapanda gari, akapitisha kidole kwenye kioo, akafurahi. "Unaona, Wekesa?" akaniambia. "Tangu yule aende, gari iko mzuri. Sasa najua kweli ilikuwa yeye."

Nikasema, "Ndiyo, bwana."

Sijui kama unaelewa nilichofanya. Usafi ule wa kioo ukawa ndio ushahidi wa mwisho juu ya Njoroge, na niliutengeneza mimi kwa mikono yangu, kwa kitambaa na kiazi. Nilikaa shambani pale miaka mitatu zaidi nikisifiwa kwa vioo. Madereva wa mashamba mengine walikuja kuniuliza siri yake, nami niliwafundisha, na wewe nikakufundisha. Nilipoacha kazi na kurudi Myanga niliwaambia watu kwamba baridi ya kule imeniharibu magoti. Magoti yangu ni mazima, unaniona ninavyolima.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo hukuliona. Siku hiyo hiyo ulipokuwa ndani unapimwa, mimi nilizunguka sokoni. Mwanamke mmoja aliyekaa chini na viazi vitamu vyake akaniita, "Baba Simiyu." Alikuwa Wangui. Amekonda, lakini sauti ni ile ile. Nilitaka kukimbia, naapa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia jirani yake kwamba huyu ndiye aliyetupa blanketi siku ile. Aliniambia walirudi Kitale mwaka jana, kwa sababu huko walikopelekwa hawakuwa na shamba wala mtu. Wanaishi Kipsongo. Njoroge anapasua kuni za watu. Ameomba kazi ya ng'ombe kila shamba, na kila anayefungua kipande chake akasoma aliyoandika bwana hukifunga akamrudishia. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa, hakuna ubaya hata kidogo katika uso wake. "Mzee wangu anaulizanga hadi wa leo," alisema. "Ati nani alikuwa analala kwa hiyo gari? Walimshika?"

Nikasema, "Hapana. Hawakumpata."

Mahali pale pa kusema neno moja la kweli nikaongeza uongo mwingine. Akasikitika pamoja na mimi. Kisha akajaza kikapu viazi, akasema nimpelekee mama Simiyu. Ndivyo vile ulivyokula ukasifu, ukauliza mama kavitoa wapi, nami nikasema tumbo linaniuma. Na bado sijamaliza aibu yangu. Njiani ndani ya basi nilianza kufikiri kwamba labda Wangui anajua kila kitu, na alikuwa ananijaribu, na kwamba viazi vile vina kitu ndani yake. Nilipofika nilichukua kimoja nikakichoma kule shambani peke yangu, nikakila, nikakaa chini ya uzio kungoja nife. Sikufa. Vilikuwa viazi tu, vitamu, mwanamke amempa rafiki yake. Nililia pale kwenye uzio, mwanangu, na mtu aliyenipita nikamwambia ni moshi.

Tangu hapo sina usingizi. Nimesikia kwamba yule bwana anauza shamba arudi kwao Ulaya kabla ya mavuno. Akishaondoka, hakuna mwingine atakayeweza kuifuta sahihi ile. Njoroge atabaki anapasua kuni na kuuliza swali lake mpaka azeeke, na mimi ndiye mwenye jibu, nimelikalia hapa Myanga kama kuku aliyekalia yai viza. Kwa hiyo nataka kwenda Kipsongo, nimweleze yeye na Wangui kwa mdomo wangu. Halafu nimwombe twende wote wawili kwa bwana, kama atakubali kutembea njia moja na mimi. Nitamwomba bwana maji ndoo mbili, matambara na asubuhi moja ya baridi, nimwonyeshe mwenyewe anavyolala mtu yule. Asipotaka kuona, nitasema hata hivyo, mbele ya wapishi na wakamuaji. Njoroge anaweza kunipiga. Anaweza kukataa hata kunisikiliza, na hilo ndilo naliogopa kuliko kupigwa.

Sikuandikii ili uamini kila mtu utakayemkuta huko. Kuna wezi wa mafuta, kuna wezi wa magurudumu, wengine watakuchekea. Funga lori lako. Ila ukikuta jambo hulielewi, na jina la mtu likaja kichwani haraka sana, jiulize jina hilo lilikuwa linangoja wapi. Mimi sikujiuliza. Naona hata sasa ninapoandika, mama yako amepita dirishani mara ya pili, na mimi nimefunika karatasi kwa kiwiko. Yeye pia bado sijamwambia. Nitamwambia leo kabla ya chakula, maana viazi vya Wangui ni yeye aliyevipika.

Kesho nitapanda basi pamoja nawe. Mama yako anadhani ni kwa ajili ya kukusindikiza, na wewe pia. Karatasi hizi nitakutia mkononi tukishaipita Bungoma, usome njiani nikiwa nimekaa kando yako, hata kama sitaweza kukutazama. Nafanya hivyo kwa makusudi. Nimejichunguza vizuri, na katika watu wote niliowashuku maishani, huyu Yohana Wekesa ndiye sitathubutu kumwamini na jambo hili. Tukikaribia Kitale atakwambia kwamba mvua inakuja. Atasema goti limeanza. Atasema pengine Njoroge yuko kazini, afadhali mwezi ujao, afadhali tumwandikie barua, na maneno yake yatakuwa mazuri, maana anajua kuyapanga.

Usimsikilize. Lori lako halitoki mpaka saa tisa, nimeuliza. Shika mkoba wangu wewe, tembea mbele mpaka Kipsongo, uliza nyumba ya Wangui wa viazi. Na usinipe mkono wa kwaheri mpaka umesikia nikibisha hodi na kutaja jina langu.

Baba yako,
Yohana Wekesa